Mwalimu na Tovuti Yake: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kulipia Mafunzo

Matangazo ya mafunzo ya kutengeneza tovuti za kufundishia yanawafikia walimu kwa njia nyingi: katika makundi ya simu, katika barua zinazopelekwa kwa wakuu wa shule, hata pembeni mwa semina za kazi. Mengi huahidi kwamba baada ya siku tatu, tano au wiki mbili mwalimu atakuwa na tovuti yake, yenye mazoezi ambayo mwanafunzi huyafanya na kusahihishwa papo hapo. Ahadi hiyo si ya uongo kwa asili yake. Mwalimu asiyewahi kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta anaweza, akifundishwa vizuri, kutengeneza zoezi lake la kwanza ndani ya siku moja. Linalotuhusu sisi katika kijitabu hiki ni yale yanayofuata baada ya siku hiyo: tovuti ni mali ya nani, nani ana uwezo wa kuibadilisha, nani atailipia mwakani, na taarifa za wanafunzi watakaoitumia zimo mikononi mwa nani.

Mafunzo ni bidhaa ngumu kuikagua. Mfuko wa saruji uliopungua uzito hupimwa dukani, na kitambaa kilichofifia huonekana juani. Kasoro ya mafunzo ya tovuti huonekana baada ya miezi kumi na miwili, pale ada ya mwaka inapokwisha, au pale mwalimu anapotaka kurekebisha swali moja tu na kuambiwa kwamba sharti alipe tena. Kwa hiyo ukaguzi wake hufanywa kwa maswali kabla ya kulipa, na makala haya yanaeleza maswali hayo na sababu zake.

Neno "shirikishi" na maana yake

Tuanze kwa kulifafanua neno lenyewe, kwa kuwa mara nyingi huuzwa kwa bei iliyozidi maana yake. Tovuti iliyojaa notisi za kidato cha pili katika mafaili ya kupakua si shirikishi. Hiyo ni kabati la notisi, na kabati zuri lina faida zake, lakini lilipiwe bei ya kabati. Tovuti yenye picha zinazochezacheza na kitufe cha kwenda ukurasa unaofuata si shirikishi pia. Tovuti shirikishi ni ile ambayo mwanafunzi hufanya jambo, kama vile kuchagua, kuandika, kuburuta au kupima, na ukurasa humjibu kwa kufuata lile alilolifanya.

Tuchukue swali la hisabati linalofahamika katika kila shule: jumlisha 1/2 na 1/3. Katika zoezi duni, mwanafunzi akikosea huambiwa tu kwamba amekosa na ajaribu tena. Naye hubofya jibu la pili, kisha la tatu, mpaka rangi ya kijani itokee. Amefundishwa subira ya kidole, hakufundishwa sehemu. Katika zoezi zuri, mwalimu ametangulia kuwaza makosa yenyewe. Anajua kwamba anayejibu 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa hiyo ukurasa humuuliza: "Ulianza na nusu, kisha ukaongeza. Je, 2/5 ni kubwa kuliko nusu?" Anajua pia kwamba anayejibu 2/6 amekwisha kuipata asili ya pamoja ila amesahau kubadilisha viasi, kwa hiyo ukurasa humwonyesha duara lililogawanywa vipande sita na kumtaka ahesabu nusu yake ina vipande vingapi. Watoto hawa wawili wamekosa swali moja, lakini hawakukosa jambo moja, na ukurasa unaowajibu neno lilelile haujamsaidia hata mmoja wao.

Majibu ya namna hiyo hayawezi kuandikwa na fundi wa kompyuta, kwa sababu fundi hajasahihisha madaftari ya darasa la tano kwa miaka minane. Yanaandikwa na mwalimu. Hapo ndipo thamani kubwa ya tovuti ya elimu inapopatikana, na hapo ndipo mafunzo yanapostahili kutumia muda mwingi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza anayeuza mafunzo ni hili: katika ratiba yako, ni saa ngapi zimetengwa kwa ajili ya kuandika maswali na majibu ya makosa, na ni saa ngapi zimetengwa kwa ajili ya rangi, nembo na picha za kichwa cha ukurasa? Mwalimu asiridhike na jibu la mdomo. Aombe ratiba iliyoandikwa. Tumeziona ratiba za siku tano ambazo siku nne ni mapambo na ya tano ni kugawa vyeti.

Zana zilizopo, na kile kinacholipiwa

Zana nyingi zinazofundishwa katika mafunzo haya hazinunuliwi. WordPress, ambayo hutumika kujenga tovuti za kila aina, ilitoka mwaka 2003 na hutolewa bure. Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas nchini Australia na kutolewa mwaka 2002, hutolewa bure pia. H5P, iliyotengenezwa nchini Norwei, humwezesha mwalimu kuunda maswali, video zinazosimama katikati na kuuliza, na mazoezi ya kuburuta maneno, bila kuandika lugha ya kompyuta. Nayo huunganishwa na WordPress au Moodle bila malipo. GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter wa Austria, humwezesha mwalimu wa hisabati kuweka grafu ambayo mwanafunzi huivuta kwa kidole na kuona mlinganyo ukibadilika. Mwalimu anayeitumia kufundishia wanafunzi wake hatozwi. Kwa sayansi, mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, una majaribio ya kuigiza kuhusu umeme, mwendo, asidi na mengineyo, na kadhaa kati yake yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Hatusemi kwamba anayefundisha zana za bure asilipwe. Analipwa kwa ajili ya muda wake, ujuzi wake na subira yake, na hayo yana haki ya bei. Lakini ankara inayodai "ada ya leseni ya Moodle" au "ununuzi wa WordPress" inadai malipo ya kitu ambacho hakiuzwi. Ni kweli kwamba baadhi ya zana hizi zina huduma za kulipia kandokando yake, kwa mfano kampuni kukuhifadhia mfumo kwenye seva zake na kukusaidia unapokwama. Mwalimu anapotajiwa ada, aombe itajwe kwa jina: ni ada ya kufundisha, ya kuhifadhi, ya jina la kikoa, au ya programu? Fungu lisilotajika kwa jina lisilipwe.

Lipo pia jambo la violezo, yaani mapambo yaliyokwisha kuandaliwa ambayo tovuti huvikwa. Vingine huuzwa, na wapo wanaovisambaza baada ya kuvivunja kufuli ili visilipiwe. Kiolezo cha namna hiyo huweza kuja na maagizo yaliyofichwa ndani yake, yakaelekeza wageni wa tovuti kwenye matangazo ya kamari au yakaiba nywila. Mkufunzi anayejisifu kwamba atakupa bure vitu vya bei kubwa na aulizwe amevipata wapi.

Siku hizi wapo pia wanaofundisha kutumia akili mnemba kuandika kurasa. Mwalimu huieleza programu kwa maneno ya kawaida anachokitaka, nayo humwandikia ukurasa mzima. Njia hiyo inafanya kazi, tena kwa haraka ya kushangaza. Inafanya kazi kwa haraka hiyohiyo hata pale jibu sahihi lililowekwa si sahihi. Mwalimu na afanye kila swali mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kulifikisha kwa mwanafunzi.

Kazi zilizowahi kupotea

Kwa miaka mingi michezo na mazoezi ya darasani duniani kote yalitengenezwa kwa kutumia Adobe Flash. Walimu walijifunza, vyuo vikafundisha, na shule zikanunua diski zilizojaa masomo ya namna hiyo. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni yenyewe iliacha kuihudumia, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia kazi zilizotengenezwa kwa Flash zisifunguke ndani ya programu yake. Vivinjari vikubwa viliiondoa. Kazi ya mwalimu aliyekesha akichora mzunguko wa maji ikawa kisanduku cheupe kwenye kioo. Walioweza walitengeneza upya; PhET, kwa mfano, walilazimika kuyahamishia majaribio yao katika lugha ya kawaida ya kurasa za wavuti, jaribio kwa jaribio.

Wikispaces ilifuata njia nyingine kufika mahali hapohapo. Huko ndiko walimu wengi walikokuwa wamejenga kurasa za madarasa yao bila malipo. Mwaka 2018 huduma ilifungwa, na ambaye hakuwahi kupakua kazi yake kabla ya tarehe iliyotangazwa hakuwa na mahali pa kuidai.

Upande wa pili kuna Hot Potatoes, programu ndogo iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada na kupendwa na walimu wa lugha. Haina umbo la kuvutia. Lakini zoezi linalotengenezwa kwa programu hiyo huwa ni faili la kawaida la ukurasa wa wavuti, ambalo mwalimu analo kwenye kompyuta yake, hulinakili kwenye diski ya mfukoni, na hufunguliwa na kivinjari chochote hata pasipo intaneti. eXeLearning, ambayo nayo hutolewa bure, hufuata mwenendo huohuo kwa masomo marefu zaidi.

Kutokana na hayo tunapendekeza jaribio moja ambalo mwalimu aliombe siku ya kwanza ya mafunzo, si ya mwisho. Zoezi likishatengenezwa, lipakuliwe lote, linakiliwe kwenye kompyuta nyingine isiyo na intaneti, kisha lifunguliwe. Likifunguka, mwalimu anamiliki kazi yake. Lisipofunguka, amwulize mkufunzi ni kwa namna gani kazi itaokolewa ikiwa kampuni inayoihifadhi itafungwa au itapandisha bei. Zipo zana nzuri ambazo hazilipiti jaribio hili moja kwa moja. Moodle, kwa mfano, huhitaji seva ili ifanye kazi, lakini hutoa nakala ya akiba ya somo zima, na nakala hiyo huweza kufunguliwa katika Moodle nyingine. Jibu la namna hiyo linatosha. Jibu lisilotosha ni la kuambiwa usiwe na wasiwasi.

Jina, nyumba na funguo

Malalamiko makubwa katika eneo hili hayatokani na mafundisho mabaya. Yanatokana na umiliki, na hapa tunaomba mwalimu asome polepole.

Tovuti ina vitu vitatu vilivyo mbalimbali, ingawa mara nyingi huuzwa katika kifurushi kimoja. Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo mwanafunzi huiandika. Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani nyumba ambamo mafaili yanahifadhiwa. Cha tatu ni mafaili yenyewe, yaani maswali, picha na maelezo. Jina halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kwa muda, kwa kawaida kwa mwaka, na huhitaji kuhuishwa. Nyumba hupangwa, nayo kodi yake hulipwa. Mafaili ni mali ya aliyeyatengeneza au ya mwajiri wake, kutegemea makubaliano yao.

Vikoa vinavyoishia na .tz vinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Shule za msingi na sekondari zina kikoa chao, .sc.tz, vyuo vya elimu ya juu hutumia.ac.tz, na biashara hutumia .co.tz. Wakati wa kusajili, huandikwa jina la mwenye kikoa na anwani ya barua pepe ya kuwasiliana naye. Maandishi hayo machache ndiyo yanayoamua tovuti ni ya nani. Mkufunzi akiandika jina lake na barua pepe yake, basi mbele ya msajili yeye ndiye mwenye kikoa, hata kama fedha zilitoka mfukoni mwa mwalimu.

Tuone mambo yanavyokwenda. Mwalimu wa jiografia analipia kifurushi cha mafunzo pamoja na tovuti. Anajifunza, anafurahi, anaandika mazoezi sitini. Anwani ya tovuti inanakiliwa ubaoni, wanafunzi wanaiandika nyuma ya madaftari, na shule jirani nazo zinaiomba. Mwaka unapokwisha, taarifa ya kuhuisha kikoa inapelekwa kwenye barua pepe ya mkufunzi, ambaye amebadili kazi na haifungui tena. Muda wa ziada unapita, kikoa kinakuwa huru, na mtu wa mbali anakisajili kwa sababu kina wageni. Wapo wanaofanya biashara ya kuokota vikoa vilivyoachwa na kuviweka matangazo ya kamari au picha chafu. Madaftari bado yana anwani ileile, na mtoto wa miaka kumi na minne anaifungua jioni akitafuta zoezi la mistari ya kontua.

Kinga ya hayo yote huchukua chini ya saa moja. Kikoa kisajiliwe kwa jina la shule au la mwalimu, na kwa barua pepe ambayo shule inaimiliki. Siku ya usajili, mwalimu aombe kuona taarifa za kikoa katika rejesta, kwa macho yake, na si kwa kuelezwa. Akabidhiwe nywila zote: ya akaunti ya msajili wa kikoa, ya akaunti ya seva, na ya usimamizi wa tovuti yenyewe. Akishakabidhiwa azibadilishe mwenyewe, mkufunzi akiwapo, ili ikitokea kasoro isahihishwe hapohapo. Tarehe ya kuhuisha iandikwe katika kalenda ya ofisi ya mkuu wa shule, pamoja na kiasi cha ada.

Jambo la uhamisho nalo lisisahaulike. Mwalimu wa serikali huhamishwa, na tovuti aliyoijenga huweza kubaki bila mwangalizi au kuzua mvutano. Ni heri mwalimu na mkuu wa shule waandike mapema, hata katika karatasi moja, kama tovuti ni ya shule au ni ya mwalimu, na nani atashika funguo mwalimu akiondoka. Shule ikilipia, kwa kawaida ni haki shule ibaki nayo. Mwalimu abaki na nakala ya mazoezi yake ili aendelee kufundisha aendako.

Uzito wa ukurasa

Ukurasa hulipiwa na anayeufungua. Picha iliyopigwa kwa simu janja huwa na megabaiti tatu, nne au zaidi. Ikipunguzwa ukubwa kwa ajili ya kioo, kilobaiti mia mbili humtosha mwanafunzi kuona ramani au mchoro wa jicho. Darasa la wanafunzi arobaini likifungua ukurasa mmoja wenye picha za megabaiti tano, zinakwenda megabaiti mia mbili za kifurushi cha mtu fulani. Mafunzo yasiyogusa jambo hili yametayarishwa kwa ajili ya nchi nyingine. Vilevile, katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na mazoezi hufanywa katika chumba cha kompyuta ambacho huenda hakina intaneti kabisa. Mkufunzi aonyeshe namna ya kuyaweka mazoezi yaleyale kwenye kompyuta za chumba hicho. Aonyeshe pia tovuti ikifunguka kwenye simu ya bei ya chini, si kwenye kompyuta mpakato yake peke yake.

Taarifa za wanafunzi

Tovuti shirikishi, kwa maumbile yake, inajua mambo. Inajua nani amefanya zoezi, amepata ngapi, amekosa wapi, saa ngapi. Mara mwanafunzi anapoandika jina lake na namba ya simu ya mzazi, mwalimu amekuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu. Sheria hiyo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzitumia taarifa hizo kwa lengo lililokusudiwa pekee.

Hatuandiki haya ili kumtia mwalimu hofu. Mazoezi mengi hayahitaji jina lolote. Zoezi la sehemu tulilolieleza hapo juu linafanya kazi kamili kwa mwanafunzi asiyejulikana: anakosea, anajibiwa, anarekebisha, anaondoka. Mwalimu akitaka kuona maendeleo ya darasa, anaweza kutumia namba ambazo maana yake imo katika daftari lake la mahudhurio na si mahali pengine. Kanuni nyepesi ni kwamba taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuvuja. Ikiwa shule inataka kuweka mfumo wenye majina na alama, basi uamuzi huo ni wa shule, ufanywe kwa kufuata sheria, na wazazi waelezwe.

Hapa pia mwalimu aangalie huduma za "bure" ambazo mkufunzi anazipendekeza. Huduma isiyotoza ada mara nyingi hujilipa kwa matangazo, na matangazo hayo yatatokea pembeni mwa zoezi la mtoto. Mwalimu afungue zoezi kama mwanafunzi atakavyolifungua, akiwa hajaingia kwenye akaunti yake, na atazame kinachotokea.

Kazi za watu wengine

Kitabu kilichopigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti hakigeuki kuwa mali ya aliyekipandisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda vitabu, michoro na picha, na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo vitabu vyake vimewekwa katika maktaba yake ya mtandaoni, inaweza kuulizwa kabla ya kunakili. Kuelekeza mwanafunzi kwa kiungo ni salama zaidi kuliko kunakili. Kazi zenye leseni huria huruhusu matumizi kwa masharti yaliyotajwa, na sharti la kawaida ni kumtaja mwenye kazi.

Cheti, mkataba na risiti

Cheti kinachoahidiwa mwishoni hutofautiana uzito. Chuo kinachotangaza cheti cha ufundi kinachotambulika kitaifa kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Mwalimu aombe namba ya usajili na kuithibitisha kwa Baraza lenyewe. Cheti cha kuhudhuria ni kitu kingine, nacho hakina kosa, mradi kisiuzwe kwa jina la kile cha kwanza. Kabla ya kutoa fedha mfukoni, mwalimu atazame pia kinachopatikana katika utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), kwani huenda sehemu ya anachokitafuta imo humo bila ada.

Makubaliano yawe ya maandishi, hata yakiwa ukurasa mmoja. Yataje idadi ya saa, zana zitakazofundishwa, kitu ambacho mwalimu ataweza kukifanya peke yake mwishoni, jina litakaloandikwa katika usajili wa kikoa, tarehe ya kukabidhi nywila, ada ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, na muda ambao mkufunzi ataendelea kujibu maswali. Ada ya mwaka wa pili tunaisisitiza, kwa sababu ndiyo inayofichwa mara nyingi nyuma ya punguzo la mwaka wa kwanza. Malipo yagawanywe, na fungu la mwisho litolewe baada ya makabidhiano. Mkufunzi mwaminifu hatakataa; anajua kwamba sharti hilo humlinda naye dhidi ya madai yasiyo na mwisho.

Ikitokea kwamba kilichotolewa si kilichoahidiwa, mwalimu aanze kwa kumwandikia mtoa huduma, akitaja kipengele cha makubaliano na kumpa siku za kujibu. Asipojibiwa, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kupotosha na kuhadaa katika biashara, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Mgogoro wa umiliki wa kikoa cha .tz huanzia kwa msajili, na kwa TCRA iwapo msajili hakuutatua. Uvujaji wa taarifa za wanafunzi hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mlalamikaji aambatishe tangazo lililomvutia, ujumbe wa simu waliobadilishana, makubaliano, ratiba na uthibitisho wa malipo, ukiwamo ujumbe wa malipo ya simu. Ujumbe huo usifutwe kabla ya kunakiliwa, na nakala yake moja ibaki kwenye jalada la shule.